Kilengeo cha Bwana Taratibu

Bulaimu wa Yakubu alikuwa fundi wa baiskeli mjini Kasongo, na lau angeachwa awe fundi wa baiskeli tu, habari yake ingekwisha hapa hapa na sote tungekwenda zetu kulala. Alitengeneza pia taa za mafuta, vyerehani, na makufuli yaliyopoteza funguo. Alikuwa na banda lake karibu na msikiti na mke aliyempenda, na kila Ijumaa alivaa kanzu iliyopigwa pasi hata watu wakamtania kwamba anaogopa kukaa chini. Tatizo lake lilikuwa moja, na alizaliwa nalo. Babu yake alikuwa fundi wa bunduki.

Watu wa Kasongo hawasahau mambo ya namna hiyo. Babu alitengeneza bunduki za wafanyabiashara wa pembe, zamani, kabla Wabeleji hawajaingia. Wabeleji walipoingia wakapiga marufuku, lakini Yakubu, baba yake Bulaimu, akaendelea kimyakimya kuwatengenezea wawindaji magobori yao, na mwanawe akimwangalia. Alimrithisha ujuzi wote, na pamoja nao kanuni moja ya mafundi wa mji ule: bunduki uliyoitengeneza, risasi ya kwanza unaipiga wewe kabla ya mwenye mali. Ukiirudisha bila kuipiga, bado ni yako, na kila itakalolitenda liko juu ya kichwa chako. Mwindaji wa Kasongo hakupokea gobori ambalo fundi hajalifungua kwa risasi hiyo.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita kubwa ya pili. Siku moja karani wa teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya, aliyeitwa Théophile, alikuja mpaka bandani na viatu vyake vya kung'aa, akauliza mbele za watu kama ni kweli kwamba Bulaimu anajua bunduki. Hilo lilikuwa swali la kumnasa mtu. Akijibu ndiyo, amekiri kosa. Akijibu hapana, amemdanganya Bulamatari, yaani serikali ya Wabeleji, naye Bulamatari alikwisha kujua, la sivyo asingemtuma karani na viatu vyake kukanyaga matope. Bulaimu akasema kwamba utotoni aliwahi kuangalia mikono ya baba yake. Jibu hilo lilitosha kumpakia kwenye lori.

Aliyemtaka alikuwa Mbeleji mmoja, mkubwa wa walinzi katika kambi ya dhahabu kule Salamabila, upande wa Kabambare. Wafanyakazi walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo lilikuwa mdomoni mwake mchana kutwa. Mwenyewe hakuwa na haraka hata akikasirika. Bastola yake ilikuwa imemponyoka ikaanguka juu ya jiwe, na kilengeo cha nyuma, kile kipande kidogo cha chuma chenye mwanya ambao jicho hupitia, kikapinda na kulalia kushoto. Alikuwa ameagiza kipya kutoka Ulaya, nacho kikafika ndani ya kikaratasi, kidogo kama ukucha. Kwenye kitabu cha maduka alichoagizia palikuwa na picha ya mashine ya kukisukumia mahali pake. Bwana Taratibu alitazama bei yake, akakifunga kitabu. Akaamua kwamba mtu mweusi na vyombo vya bei ndogo vingetosha.

Ni kazi ya siku chache, Théophile alisema. Bulaimu hakuogopa kazi. Aliogopa kalenda, kwa sababu mwezi wa Shaabani ulikuwa umekwisha kuingia.

Hapa lazima nimtaje mkwewe. Mzee Atumani alikuwa muuza nguo, mtu wa kupima kitambaa mara mbili na bado akakitilia shaka. Siku alipomwoza binti yake Nuru, alitia sharti mbele ya mwalimu na mashahidi: Nuru hatatolewa Kasongo, na Idi ikimkuta bila mume nyumbani, ana hiari ya kuachika. Watu waliona ni sharti gumu. Lakini mzee alikuwa na dada yake ambaye mumewe alichukuliwa kwenda migodini, naye akamngoja hadi meno yakamtoka, wala hajui hata leo kama ni mjane au la. Bulaimu alikubali sharti lile akicheka. Angekwenda wapi yeye, na baiskeli za watu zimejaa bandani?

Nuru alimfungia muhogo na samaki wa kukauka, akamwambia maneno machache tu. Alisema atamngoja, na kwamba asimfanye aonekane mjinga mbele ya baba yake.

Kabla ya lori kuondoka, walimpitisha dukani kwa Mreno kununua vyombo, pamoja na askari mmoja aliyeitwa Hippolyte, mtu wa mbali, aliyepewa amri asimwache hata akienda haja. Bulaimu alijua anachokitaka. Alitaka etau nzito, kile chuma chenye meno mawili cha kubania kitu kisitikisike. Cheti cha Bwana kikasema ya bei ndogo. Basi akazishika zile ndogo moja moja, akazifunga, akaziinua juu kuangalia kama mwanga unapita kati ya meno. Kwenye zote ulipita. Akachukua ile iliyopitisha mwanga kidogo kuliko nyingine, ingawa parafujo yake ilikuwa ya chuma laini na ilicheza ndani ya tundu lake kama jino la mtoto. Akachukua tupa ya pembe tatu na nyundo nyepesi. Mreno akamletea pia tindo ya chuma, Bulaimu akaikataa. Chuma kikipiga bastola huacha kovu, na kovu kwenye bastola ya mzungu ni kovu kwenye mgongo wa fundi. Alitaka shaba, kwa sababu shaba ikigongwa juu ya chuma huumia yenyewe. Haikuwepo. Mwishowe akaona kitanda kibovu cha Ulaya nyuma ya duka, akaomba fimbo moja ya shaba ya kichwani pake, Mreno akamwachia kwa kuona inamfurahisha mtu kwa bei ya bure.

Kambi ya Salamabila ilikuwa na lango moja na barua nyingi za ruhusa, na barua zote zilikaa mezani kwa Bwana Taratibu. Ya Bulaimu iliwekwa pale siku ile ile. Bwana akamweleza kwa Kingwana, Kiswahili cha kambini, bila kunyanyua sauti, kwamba akimaliza kazi na bastola ikapiga sawa, atapewa barua yake na atapanda lori la kwanza kurudi kwa mke wake. Bulaimu alimshukuru. Alikuwa mtu wa kuamini ahadi, kwa vile yeye mwenyewe alirudisha baiskeli siku aliyosema.

Alilazwa nyumba moja na mchimbaji aliyeitwa Lukumani, mtu wa kabila la Wabangubangu wa Wamaza, mpole, mwenye vidole vilivyobabuka kwa maji ya mchanga. Walikula pamoja, wakaulizana habari za nyumbani. Siku ya pili, Lukumani alipojua ni kazi gani iliyomleta mgeni wake, aliacha kula.

Akamweleza mambo ambayo kambi nzima iliyajua. Watu walikuwa wameweka dole gumba kwenye mikataba ambayo hawakuweza kuisoma, na mikataba hiyo haikuwa na mwisho, kila ikikaribia kwisha walikuta imeongezwa. Waliochoka walitoroka. Njia ilikuwa moja, kuvuka kijito nyuma ya kambi na kuingia msituni, na mwanya wa pale ulikuwa mbele ya kibaraza cha Bwana. Akiona mtu anavuka, alisimama, akalenga, akapiga. Tangu bastola ianguke, haikumpata mtu.

"Pistole ile inakula kushoto," Lukumani alisema. "Sisi tunavuka, tunapinda kuume, tunakwenda. Yeye anajua iko mubaya, lakini mutu akikimbia jicho lake linasahau. Weye ukiinyoosha, ndugu, unatufungia mulango."

Bulaimu aliuliza yeye afanye nini. Lukumani alikuwa amekwisha kufikiri. Akamwomba akipunguze kile chuma kidogo tu kupita kiasi, kikae vizuri siku ya kujaribu, kisha baruti ikikitikisa kihame chenyewe. Vyombo ni vya bei ndogo, na aliyetaka bei ndogo ni Bwana mwenyewe. Nani angemlaumu fundi?

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Kwa kweli alitaka kuyafuata, sitaki mtu amfikirie vibaya. Lakini kila alipofumba macho alimwona Mzee Atumani akipima kitambaa, na Nuru amekaa kando yake. Kilengeo kikihama baada ya siku mbili, ataitwa tena. Kikihama tena, ataambiwa ni mwongo, na mwongo aliyechezea silaha ya mzungu hakurudishwa Kasongo, alipelekwa gerezani. Alijiona amekalia kuti kavu, na kila upande aliogeukia kuti lilikuwa lile lile.

Kazi ilianza. Aliifunga etau kwenye gogo ndani ya banda alilopewa, akabana bastola tupu katikati ya vipande viwili vya ngozi ya kandambili kuukuu isichubuke, Hippolyte amesimama mlangoni na bunduki yake. Kilengeo kilichopinda kilitoka kwa taabu. Mfereji wake juu ya bastola ulikuwa mpana chini na mwembamba juu, kwa hiyo kilengeo kipya kingeingia kwa ubavu tu, kwa kusukumwa. Nacho kilikuwa kinene. Hapo fundi asiye fundi hupiga tupa kwenye mfereji. Bulaimu alipiga tupa kwenye kilengeo, maana hicho kikiharibika kinaagizwa kingine, bali bastola haina nyingine. Alikipaka masizi ya taa, akakisukuma kidogo, akakitoa, akaangalia pale ambapo masizi yamefutika, ndipo akapitisha tupa hapo tu. Etau ilimlegea kila mara, akikaza, ikilegea, akimlaani Mreno kimoyomoyo na mwenye cheti pia.

Ikafika saa ambayo kilengeo kilikuwa kinakaribia. Pasi moja zaidi ya tupa, kingeingia kwa kidole. Lukumani alipita nje na karai lake la kokoto, akatazama ndani, akapita. Bulaimu aliishika tupa kitambo kirefu hata Hippolyte akamwuliza kama amelala. Kisha akaiweka chini. Akachukua fimbo ya shaba na nyundo, akakigonga kile kilengeo mpaka katikati, kwa nguvu, huku kichwa cha shaba kikivimba kama uyoga. Alifanya kwa ajili ya Nuru. Alijiambia hivyo, na ilikuwa kweli.

Halafu akafanya kitu kimoja zaidi, bila hata kukifikiri, kwa kuwa mikono yake ilifundishwa hivyo. Gobori linajazwa baruti nyingi na linapiga teke kama punda, kwa hiyo mafundi wa Kasongo, wakishaweka kilengeo, hukidondoshea maji ya ndimu na chumvi kwenye kiungo. Kutu inaingia ndani, inaota, inashika kuliko gundi. Juu unapangusa kwa mafuta, hapaonekani kitu. Bulaimu aliomba ndimu jikoni, akadondoshea, akapangusa.

Siku ya kujaribu alimwendea Bwana kibarazani, akavua kofia yake, akamweleza kanuni ya kwao.

"Bwana, kwetu fundi ndiye anapiga ya kwanza."

"Kwenu," Bwana Taratibu alijibu, akitia risasi moja moja, "mutu mweusi akishika pistole iko na risasi, anafungwa. Unataka kufungwa?"

Bulaimu akarudi nyuma. Bwana alipiga ubao uliosimamishwa ng'ambo ya kijito, akaupata. Akapiga tena, akaupata pale pale. Walinzi walisogezasogeza ubao kushoto na kulia, na popote ulipokwenda risasi iliufuata. Bwana akampiga Bulaimu begani kwa furaha, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu pale kambini.  Kwa sheria za baba yake, bastola ile ilikuwa bado ni ya Bulaimu.

Jioni ile alimwambia Lukumani ukweli. Kwamba sasa inapiga sawa, asipinde kuume, asipinde popote, wala yeye wala wenzake. Lukumani hakumtukana. Alisema tu asante kwa kusema, akahamishia mkeka wake nyumba ya jirani. Habari ilienea kambi nzima kabla ya chakula kwisha. Tangu siku ile hakutoroka hata mtu mmoja, na Bwana Taratibu hakuhitaji kupiga risasi yoyote. Watu walipomwona Bulaimu anakuja na sahani yake, mazungumzo yalikatika, wakaangalia chakula chao.

Barua ya kurudi hakupewa. Kulikuwa na bunduki za walinzi, Bwana alimweleza, zote chakavu, na fundi mzuri kama huyu angeziachaje? Baada ya hizo. Baada ya hizo zikaja za posti, kituo cha serikali cha Kabambare, zimepakiwa ndani ya gunia kama mihogo. Bulaimu alikumbusha ahadi, Bwana akamwambia taratibu. Alikumbusha tena, Bwana akamwonyesha mkataba, na chini yake alama ya dole gumba, alama ambayo Bulaimu aliiweka siku ya kwanza akidhani anatia sahihi kwamba amepokea vyombo. Aliiangalia alama ile, akajua ni kidole chake. 

Ramadhani ikaandama. Alifunga peke yake, akafuturu peke yake, na katikati ya mwezi lori la bidhaa likaingia na dereva wake Ismaël, mtu wa Kasongo, aliyemletea salamu. Mzee Atumani alikuwa amekwisha kwenda kwa mwalimu kumkumbusha sharti. Nuru alikuwa amekataa kuzungumza habari hiyo mpaka Idi. Kila lori lililoingia kutoka njia ya Kabambare, alikwenda kusimama barabarani na mtandio wake, na wanawake wa mtaani walikuwa wameanza kumwonea huruma kwa sauti. Ismaël angerudi tena Salamabila mara moja kabla ya mwezi kuandama, na baada ya hapo hakuna gari.

Maji yalimfika shingoni. Akaamua kutoroka. Na ili atoroke, bastola irudi kula kushoto, yeye avuke, na wengine wote wanaotaka wavuke. Aliwaza jinsi atakavyomwita Lukumani na kumwambia mulango uko wazi, na kwa mara ya kwanza tangu afike alijisikia kama mtu tena.

Nafasi alikuwa nayo. Bwana alimletea bastola kila Jumamosi ipakwe mafuta, na Hippolyte, aliyekwisha kumzoea, alikwenda kuvuta sigara kivulini. Jumamosi ile Bulaimu aliibana bastola kwenye etau, akaweka ile fimbo ya shaba ubavuni mwa kilengeo, akagonga. Alihitaji kukisogeza unene wa kucha tu. Hakikusogea. Akagonga kwa nguvu zaidi. Shaba ikapindika. Akaikata kichwa kilichovimba, akaanza upya, shaba ikavimba tena, na kilengeo kilikaa pale kama kilizaliwa na bastola. Ndipo akaikumbuka ndimu. Ndimu na chumvi zilikuwa zimefanya kazi yake wiki zote hizo, kimya, kama alivyofundishwa na baba yake. Tindo ya chuma ingekitoa, na ingeacha kovu ambalo hata kipofu angelipapasa. Akajaribu kukaza etau mpaka mwisho ili pigo lisipotee. Parafujo ikazunguka, ikalia, ikazunguka tena bila kushika chochote. Meno ya etau yakaachana, bastola ikaangukia mapajani mwake.

Alikaa nayo hivyo, akalia. Vyombo vile viliweza kuingiza. Kutoa havikuweza.

Hippolyte aliporudi alikuta bastola imepakwa mafuta na etau imevunjika, na Bulaimu akisema ni ile bunduki ya posti, ilikuwa ngumu. Wakaenda pamoja kwa Bwana Taratibu. Bulaimu alidhani atachapwa, na afadhali angechapwa. Bwana aliigeuza ile etau mikononi, akaichezesha parafujo, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali kosa lake.

"Bei ndogo ni mubaya," alisema. "Nitaagiza ingine, kubwa, ya Ulaya. Tutaijengea saruji chini. Itakaa hapa na weye."

Karatasi ya kuagiza etau iliandikwa siku hiyo hiyo, na siku lori la Ismaël lilipokuja kwa mara ya mwisho kabla ya Idi, ndilo lililoichukua. Bulaimu alimfuata dereva mpaka mlangoni mwa gari. Lango lilikuwa wazi mbele yao kwa ajili ya lori, walinzi wawili wamesimama, na kibarazani Bwana alikuwa anakunywa kahawa yake. Ismaël alimwuliza kama ana mzigo wa kupeleka nyumbani.

"Umwambie Nuru asiningoje," Bulaimu alisema.

Ismaël aliuliza kama amwambie Mzee Atumani ndiye amfikishie. Bulaimu akasema hapana, amwambie Nuru mwenyewe, na amwambie akiwa ndani ya nyumba, si barabarani. Ismaël aliitikia, akawasha gari. Bulaimu alilitazama hadi likapotea kwenye kona ya njia ya Kabambare, kisha akarudi bandani, akachukua koleo, akaanza kuchimba shimo la msingi wa etau.